Ekari: shamba, siku ya kazi, kisha yadi 4,840

Ekari moja ni yadi za mraba 4,840. Kwa futi ni 43,560, na kwa mita ni 4,047 kasoro kidogo. Hakuna hata moja kati ya namba hizo inayokaa kichwani kirahisi, na mwanafunzi anayekutana nazo mara ya kwanza ana haki ya kuuliza ni nani alizipanga hivyo. Mbona isiwe 5,000? Mbona hata ukitaka kuchora ekari ya umbo la mraba hesabu inagoma, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 4,840 ni 69.57 na desimali zinaendelea bila kikomo?

Hakuna aliyezipanga. Ekari haikuanza kama eneo. Ilianza kama shamba, ikawa siku ya kazi, kisha ikawa ukanda mwembamba wa ardhi, na eneo likaja mwisho kabisa, watoza kodi na wanasheria walipoingia. Ukiifuata njia hiyo, 4,840 inaacha kuwa namba ya ajabu.

Neno tunalotamka ekari Tanzania Bara, na eka Kenya na Zanzibar, ni acre la Kiingereza. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, liliandikwa æcer na maana yake ilikuwa shamba: ardhi iliyofunguliwa ikalimwa, tofauti na msitu na malisho. Halikubeba ukubwa wowote. Ndugu zake wa karibu wamebaki hivyo mpaka leo. Mjerumani anayesema Acker, Mholanzi anayesema akker na Mswidi anayesema åker wote wanataja shamba tu, liwe dogo au kubwa. Mbali zaidi katika ukoo huohuo lipo ager la Kilatini, ambalo limo ndani ya neno la Kiingereza la kilimo, agriculture, lipo agros la Kigiriki, tunalolisikia kwenye agronomia, na lipo ajra la Kisanskriti. Ni neno la zamani sana, lililosambaa kutoka India hadi Atlantiki. Kati ya ndugu hao wote, acre ndilo lililoacha kuwa shamba likawa namba.

Wataalamu wa historia ya lugha hulirudisha neno hili kwenye mzizi wenye maana ya kuswaga, yaani kuipeleka mifugo mbele yako, mzizi uleule uliozaa kitenzi cha Kilatini agere. Maana yake ni kwamba huenda hapo mwanzo halikuhusu jembe wala mbegu. Lilikuwa jina la uwanda wa kuswagia mifugo, na likageuka kuwa shamba watu walipoanza kulima palepale ng'ombe walipokuwa wakila. Ajra ya Kisanskriti inaweza kuwa uwanda wa kawaida usiolimwa, jambo linaloipa nguvu hoja hiyo.

Maana ya shamba haikufutika yote katika Kiingereza. Imejificha kwenye majina ya watu na ya mahali. Linacre ni shamba la kitani, na Whitaker lina æcer mwishoni mwake, ingawa masikio ya leo hayaisikii. Uwanja wa makaburi wa kanisa uliitwa, na wengine bado wanauita, God's acre, shamba la Mungu. Usemi huo ulichukuliwa kutoka Kijerumani, na hauna uhusiano na yadi 4,840: makaburi yanaweza kuwa robo ya hapo yakaitwa vivyo hivyo.

Sasa shamba liligeukaje kuwa kipimo? Kuna ushahidi mzuri wa mwisho wa karne ya 10. Mtawa mmoja Mwingereza, Ælfric, aliandika mazungumzo ya kuwafundisha wavulana Kilatini, ambamo mwalimu anawahoji watu wa kazi mbalimbali: mvuvi, mwindaji, mchungaji, mfanyabiashara. Mkulima anapoulizwa kazi yake anajibu kwa malalamiko. Anatoka alfajiri, anawaswaga maksai kondeni, anawafunga nira. Hata baridi iwe kali vipi hathubutu kujificha nyumbani kwa kumhofia bwana wake. Akishakaza ulimi wa jembe, kila siku lazima alime ekari nzima au zaidi. Ana kijana wa kumsaidia anayewahimiza maksai kwa mchokoo, na sauti ya kijana huyo imekauka kwa baridi na kupiga kelele. Kazi ni ngumu, anasema, kwa sababu yeye si mtu huru.

Ekari ya mkulima huyo ni hesabu ya jasho. Bwana hakuhitaji kujua yadi. Alihitaji kujua kama mtumishi wake ametimiza siku. Na siku ya kulima haikuwa ya kutwa nzima, kwa sababu maksai wakilimishwa hadi jioni hawana muda wa kula na kucheua, na kesho hawafai. Kazi ilianza alfajiri ikaisha mapema mchana. Wajerumani walikuwa wakweli zaidi katika jambo hili: kipimo chao cha ardhi cha zamani kiliitwa Morgen, yaani asubuhi.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Uingereza kuielewa fikra hii, kwa sababu tunayo ngwe. Ngwe ni kipande cha shamba anachokatiwa mtu akilime, na neno hilohilo hutaja kamba ya kukipimia. Mwenye shamba anapima, anaweka alama, na kibarua akimaliza ngwe yake amemaliza. Asubuhi au alasiri ni juu ya mkono wake. Leo tunalisikia zaidi kwa watangazaji wa michezo, wanapozungumzia ngwe ya lala salama, na sidhani wengi wanafikiria jembe wanapolisikia. Tofauti ni kwamba ngwe ilibaki makubaliano kati ya watu wawili, kwa hiyo ukubwa wake hubadilika kutoka shamba hadi shamba. Acre ilichukuliwa na dola.

Kabla hatujafika kwenye dola, tuitazame ardhi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo 4,840 inapotoka. Vijiji vingi vya katikati ya Uingereza vililima mashamba makubwa ya wazi, yasiyo na ua, yaliyogawanywa vipande virefu vyembamba. Familia moja ilikuwa na vipande vilivyotawanyika huku na kule, ili kila mtu apate udongo mzuri na mbaya. Kijiji cha Laxton, katika mkoa wa Nottinghamshire, bado kinalima kwa utaratibu huo, na wageni huenda kuutazama.

Kwa nini virefu? Kwa sababu ya kugeuza. Udongo wa huko ni mzito na unyevu, na jembe la kuupindua lilikuwa zito pia, likikokotwa kwa kawaida na kundi la hadi maksai wanane, wawili wawili. Kulipeleka jembe hilo mbele si tatizo kubwa. Tatizo ni mwisho wa mfuo, pale inapobidi maksai wanane wapinde na kuanza kurudi. Kadiri mifuo inavyokuwa mirefu, ndivyo mageuzo yanavyopungua. Lakini ikizidi urefu, maksai wanachoka katikati. Urefu uliozoeleka, ambapo wanyama walisimama wakapumua kabla ya kugeuka, uliitwa furlong, neno ambalo ukilifungua ni urefu wa mfuo tu. Ulikuja kuwekwa kuwa yadi 220, kama mita 201. Waliolima kwa maksai Usukumani au mkoani Mara wanaijua kazi hii vizuri: kabla ya kufika mwisho wa mfuo unaanza kuwavuta pembeni ili wapate nafasi ya kupinda. Huko Uingereza mavuto hayo, yaliyorudiwa karne baada ya karne, yaliacha matuta yaliyopinda kama herufi S iliyogeuzwa, na bado yanaonekana kwenye malisho jua likiwa chini.

Upande wa pili ni upana. Ulipimwa kwa fimbo ndefu ya yadi tano na nusu, na upana wa fimbo nne ulitosha siku. Nne mara tano na nusu ni 22. Zidisha yadi 220 za urefu kwa 22 za upana, unapata 4,840. Ndiyo hiyo. Namba inayoonekana kama imeokotwa ni ukanda ambao urefu wake ni mara kumi ya upana wake, na kila upande una sababu: mmoja ni pumzi ya maksai, mwingine ni kazi ya asubuhi moja.

Kipimo cha namna hii si cha Waingereza peke yao. Warumi walikuwa na iugerum, kutoka neno lao la nira, wakieleza kuwa ni eneo ambalo jozi ya maksai huweza kulilima kwa siku. Waarabu wana fadani, neno ambalo asili yake ni jozi ya ng'ombe wa kulimia, na hilo halijafa: Misri na Sudan fadani ya mita za mraba 4,200 ndiyo lugha ya kila siku ya wakulima, na Oman mashamba huhesabiwa kwa fadani pia. Angalia namba zenyewe: fadani 4,200, ekari 4,047. Watu waliotengwa na bahari na dini, wakilima udongo tofauti, walifika karibu mahali pamoja kwa sababu maksai ni maksai. Iugerum ya Kirumi ilikuwa ndogo zaidi, kama mita za mraba 2,500, na Morgen ilibadilika kutoka jimbo hadi jimbo la Ujerumani, mara nyingi kati ya 2,500 na 3,500.

Kubadilika huko ndiko kulikowakera watawala. Kipimo kinachofuata udongo kinamsaidia mkulima: penye udongo mwepesi ekari inakuwa kubwa, penye mfinyanzi inakuwa ndogo, na siku inabaki siku. Kwa mtoza kodi ni balaa. Enzi za Mfalme Edward I, mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa ile ya 14, ukatoka utaratibu wa kuifunga ekari kwenye fimbo za mraba 160, basi. Umbo halikujalisha tena. Kukawa na jedwali lililoeleza kwamba shamba likiwa na fimbo 10 za urefu, upana uwe 16, na kadhalika, ili jibu liwe lilelile. Hapo ndipo ilipokatwa kamba iliyolifunga neno na ng'ombe. Kuanzia siku hiyo bonde lisilolimika, mwamba na kinamasi vyote viliweza kuwa na ekari.

Utii haukuwa wa haraka. Ekari ya Ireland ilikuwa yadi za mraba 7,840, ya Scotland ilizidi 6,000, na ile ya mkoa wa Cheshire ilifika 10,240, zaidi ya mara mbili ya ekari ya kisheria. Nyaraka za ardhi za karne zilizofuata zimejaa migogoro ya watu wanaotumia neno moja na kumaanisha mashamba mawili. Sheria ya vipimo ya mwaka 1824 ndiyo iliyoisimika ile ya 4,840 kwa dola nzima, na hata baada ya hapo wazee wa vijijini waliendelea na zao.

Mtu anayestahili kutajwa katika historia hii ni Edmund Gunter, profesa wa elimu ya nyota wa Chuo cha Gresham, London. Karibu mwaka 1620 alitengeneza mnyororo wa kupimia ardhi wenye urefu wa yadi 22, yaani ule upana wa ekari, na akaugawa pingili 100. Wazo ni zuri kuliko linavyosikika. Vipimo vya Kiingereza vilikuwa fujo: inchi 12 kwa futi, futi 16 na nusu kwa fimbo, futi 5,280 kwa maili. Gunter akachomeka makumi katikati yake. Ukipima shamba kwa mnyororo wake, minyororo kumi ya mraba ni ekari moja kamili, hivyo mpimaji anazidisha urefu kwa upana na kusogeza nukta tu. Hata mtu asiye na elimu kubwa ya hesabu aliweza kurudi na jibu sahihi. Mnyororo huo ndio uliopima Amerika, India na Afrika Mashariki. Wapenzi wa kriketi wanaukanyaga bila kujua, maana umbali kati ya wiketi mbili ni yadi 22 zilezile.

Amerika ndiko ekari ilikogeuka kuwa kitu ambacho mkulima wa Ælfric asingekitambua. Mwaka 1785 serikali changa ya Marekani iliamua kuikata nchi ya magharibi miraba, kwa rula, kabla ya watu wake kufika kuishi huko. Maili moja ya mraba ina ekari 640. Robo yake ni 160, na hiyo ndiyo iliyogawiwa kila familia chini ya sheria ya makazi ya mwaka 1862. Robo ya robo ni 40, na hadi leo mkulima wa Marekani akitaja "the back forty" anamaanisha kipande cha mbali cha shamba lake, kile kisichofikiwa mara kwa mara. Ukipita angani juu ya Kansas au Iowa unaiona miraba hiyo mpaka upeo wa macho. Kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa asili wa bara hilo, rula haikuwa na nafasi ya kulionyesha.

Namba 40 ina uchungu wake pia. Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikikaribia kuisha, Jenerali William Tecumseh Sherman alitoa amri akiwa Savannah, Georgia, kwamba familia za watu weusi waliotoka utumwani zipewe ardhi ya pwani ya kusini, kila moja isiyozidi ekari 40 za kulimika. Maelfu walianza kulima. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akairudisha ardhi kwa waliokuwa wamiliki wa watumwa. "Ekari 40 na nyumbu" umebaki usemi wa ahadi iliyovunjwa, na hutajwa kila mara suala la fidia kwa utumwa linapojadiliwa.

Kwetu ekari ilikuja na karatasi za ukoloni. Mwaka 1903 Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alipewa ekari 100,000 Njoro, Kenya, kwa mkataba wa miaka 99. Turudishe neno kwenye maana yake ya asili kidogo tuone: mtu na jozi zake za maksai, akilima ekari moja kila siku bila Jumapili, angehitaji zaidi ya miaka 270 kulimaliza eneo hilo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikaruhusu mikataba ya miaka 999. Uhuru ulipokaribia, mpango wa kununua mashamba ya walowezi na kuwagawia Waafrika nao uliitwa kwa kipimo hichohicho, mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962.

Uganda walichukua maili. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa Kabaka na wakuu wake kwa maili za mraba, na neno likazaliwa upya kama mailo, aina ya umiliki ambayo ipo hadi sasa na inaendelea kuwatoa jasho mahakimu wa Kampala. Wanaonunua viwanja vidogo huko wanahesabu kwa desimali. Desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari, futi za mraba 435.6, na ukiipima kwa zana ya Gunter ni pingili za mraba 1,000 kamili. Huo mnyororo wa mwaka 1620 bado unauza viwanja Wakiso.

Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilitaifishwa na wananchi wakagawiwa mashamba ya eka tatu. "Eka tatu" huko ni zaidi ya hesabu. Ni jina la aina ya shamba, na mtu anaweza kusema fulani ana eka tatu yake bila kujali kama vipimo vya leo vinatoa tatu kamili.

Bara, jina la ekari halina budi kuwakumbusha watu wa Kongwa mradi wa karanga. Waingereza, wakiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, walipanga kufyeka na kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa yake Tanganyika: Kongwa, Urambo na upande wa Nachingwea. Mwaka wa kwanza peke yake ulipangiwa ekari 150,000. Mizizi ya vichaka ilivunja matrekta, mvua ilikuwa haba, na udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kiasi kwamba karanga zenyewe hazing'oki. Baadhi ya mashine zilizoletwa zilikuwa vifaru vya kivita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na vifaru hivyo vilikuwa vya aina iliyopewa jina la Jenerali Sherman, yuleyule wa ekari 40. Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza karibu pauni milioni 36. Sina hakika kuna mfano bora zaidi wa kinachotokea ekari inapobaki namba tupu mezani. Mwanakijiji yeyote wa Ugogo angeweza kuwaambia siku moja ya kulima hapo ina thamani gani.

Sasa tuna hekta pia, zao la mapinduzi ya Ufaransa. Hekta ni mita 100 kwa 100, haina siri, na ni sawa na ekari 2.47. Nchi zetu zilipohamia vipimo vya mita, hati na ramani zilihama. Midomo ya watu haikuhama. Hata Uingereza kwenyewe, ambako tangu mwaka 2010 ekari si kipimo rasmi tena cha kusajili ardhi, matangazo ya mashamba yamejaa ekari. Marekani hawakuhama kabisa, na walidumu na futi mbili zenye tofauti ya nywele, ile ya kawaida na ya wapima ardhi, mpaka mwisho wa 2022 walipoiacha ya pili. Kwa ekari moja tofauti hiyo ilikuwa eneo la positikadi.

Tofauti zetu ni kubwa kuliko positikadi, na zinagharimu. Kenya, kiwanja cha "hamsini kwa mia" huuzwa kama moja ya nane ya ekari. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, lakini moja ya nane halisi ni 5,445. Upungufu wa futi za mraba 445 kwa kila kiwanja si lazima uwe wizi: viwanja vinane vinakula 40,000, na 3,560 zilizobaki ndizo njia ya kupita. Kwenye hati kiwanja hicho kitasomeka kwa hekta, mara nyingi 0.045 hivi. Mnunuzi anayeona sifuri hizo na kudhani amepunjwa, na yule anayedhani amepata moja ya nane kamili, wote wawili wanahitaji kikokotoo kabla ya kalamu.

Tanzania Bara kanuni ya mitaani ni 70 kwa 70. Ukiuliza 70 za nini, mmoja atasema hatua, mwingine mita, na hapo ndipo pana hatari. Rudi kwenye kile kipeuo cha pili kilichogoma: 69.57. Hizo ni yadi. Sabini kwa sabini kwa yadi ni 4,900, inayozidi ekari kwa yadi za mraba 60 tu, kosa dogo mno kwa shamba la mahindi. Na yadi, sentimita 91 na kitu, ni hatua ndefu ya mtu mzima. Kwa hiyo kanuni ya hatua 70 ni sahihi kabisa kwa mtu mwenye hatua ndefu. Lakini 70 kwa 70 kwa mita inatoa mita za mraba 4,900, wakati ekari ni 4,047, ziada ya asilimia 21. Ekari ya mraba kwa mita ni 63.6 kila upande.

Fanya hesabu hiyo kwa shamba la ekari kumi. Anayepima kwa mita 70 anapata hekta 4.9, anayepima kwa kipimo cha kisheria anapata hekta 4.05. Kati yao kuna ekari mbili nzima zinazoning'inia kwenye neno moja. Zinafika pia kwenye mbolea na mbegu, kwa sababu mifuko huandikwa kiasi cha kutumia kwa ekari au kwa hekta, na anayesambaza mbegu za ekari moja kwenye mita 70 kwa 70 atashangaa mistari ya mwisho ikikosa. Vibarua nao wanalijua hili kuliko wenye mashamba. Wakiambiwa bei ya kulima ekari, wengi wao huuliza kwanza nani anapima na ana miguu mirefu kiasi gani.